Namna Bujiku Alivyomchagulia Mwanawe Timu

Bujiku wa Ngulyati aliamini jambo moja tu maishani, na hakulipata kanisani wala shuleni. Alilipata kwenye ngoma. Ujanani alikuwa mchezaji wa Wagalu, na kwa asiyezijua ngoma zetu za Usukumani, huchezwa hivi: baada ya mavuno makundi mawili hasimu, Wagalu na Wagika, hukutana kwenye uwanja mmoja. Hayachezi kwa zamu. Yanacheza kwa wakati mmoja, moja upande huu na jingine upande ule, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Kundi litakalobaki na watu wengi mbele yake ndilo lililoshinda. Lililoachwa likicheza mbele ya mbwa na vitoto viwili vitatu hufunga ngoma zake na kurudi nyumbani likimlaumu mganga wake.

Sheria hiyo Bujiku aliichukua akaitumia kwa kila kitu. Alikuwa Mkatoliki mpaka wale wa dhehebu jingine walipoleta kipaza sauti na kwaya yenye gitaa. Alipoona watu wamehamia huko, naye akahamia. Jenereta lilipoharibika watu wakarudi, naye akarudi, akaenda kuungama bila aibu. Vyama vingi vilipoingia alihudhuria mikutano yote ya kampeni akiwa amesimama mbali, anaupima umati kwa macho kama mtu anayekadiria ng'ombe mnadani. Hotuba hakusikiliza hata moja.

"Maneno kila mtu anayo," aliniambia. "Wewe tazama miguu ya watu imeelekea wapi."

Alikuwa jirani yetu. Mji wake na wetu ilitenganishwa na ua wa minyaa. Nilimpenda kama baba mdogo, lakini kumpenda mtu si sababu ya kumpunguzia ujinga wake anaposimuliwa.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Mkoa wa Simiyu haujazaliwa bado, Bariadi ni wilaya ya Shinyanga, na ushirika, uliokuwa umetunyonya kwa miaka mingi kwa utaratibu maalumu na mihuri, ulikuwa umelala chali. Mahali pake wakaja watu wenye malori. Kila mwenye lori na mizani aliitwa mwekezaji, na kila mwekezaji alisalimiwa kama daktari. Watu wetu, ambao jana walikuwa wanapanga foleni kwa ushirika huku wakinung'unika, sasa walikimbilia kwa wageni huku wakishangilia, na wengine wakimwagia pamba maji ili iwe nzito. Hiyo tuliiita biashara huria. Kila mmoja alikuwa huru kumwibia mwenzake.

Pale Ngulyati kulikuwa na timu ya watoto, nayo iliitwa Kameruni, kwa sababu ya Kombe la Dunia ambalo hakuna aliyeliona ila wote walilisikia redioni. Kocha wake alikuwa Kasmiri, aliyekuwa mpima pamba wa chama cha msingi hadi alipopunguzwa kazini. Sitaki kumfanya Kasmiri mtakatifu. Alikuwa na mdomo mchafu, na mpira wa ngozi, mmoja tu, aliubeba kwapani hata akienda msibani, kwa hofu kwamba watoto watauchezea bila ruhusa yake. Mpira huo ulishonwa mara nyingi mpaka ukawa na umbo la kiazi. Timu ilikuwa na watoto kumi na wanne wakati mzuri. Wakati wa kupalilia walibaki tisa, na wakati wa kuvuna aliwabembeleza akina mama mmoja mmoja. Hakuna mtoto wa Kameruni aliyewahi kukaa nje. Hawakuwa na mtu wa kumweka nje.

Katika hao alikuwamo Marcelo, mtoto wa Bujiku, wa miaka kumi na mitano. Mguu wa kushoto wa Marcelo ulikuwa na akili kuliko watu wazima wengi ambao nimefanya nao kazi ofisini tangu hapo. Mpira ule wa kiazi, ambao kwa wengine ulikwenda unakotaka, kwake ulitulia. Alipokimbia nao pembeni watu waliokuwa wakipita na baiskeli walishuka. Kila mtu alisema huyo akicheza msimu mmoja au miwili akiwa anaonekana, lazima achukuliwe na timu ya wilaya, na huko mbele nani ajuaye. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo: acheze, aonekane. Baba yake alilisikia na likamwingia, maana hata yeye ujanani alitamani kuitwa akacheze ngoma Mwanza na hakuitwa.

Kisha ikaja Nyota Mpya.

Nyota Mpya ilikuwa kampuni ya kununua pamba, na iligundua kitu ambacho wenzake hawakukigundua, kwamba mkulima ukimshika mtoto, mzigo wake unakuja wenyewe. Ikaanzisha klabu ya vijana. Siku ya mnada lori lao lilifika uwanjani Ngulyati likiwa na spika mbili juu ya bodi na jezi za njano zimetundikwa kwenye kamba kama nyama buchani. Meneja wa tawi, kijana aliyeitwa Constantine, alishuka akiwa na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga mbuga yetu mvua ikinyesha. Upande wa pili wa uwanja Kasmiri alikuwa anafundisha watoto wake kupiga kona. Walipiga kona mbili, ya tatu mpigaji mwenyewe akakimbilia kwenye lori.

Bujiku alikuwa amesimama katikati. Nilimwona uso ukimbadilika. Hapo mbele yake, bila mtu yeyote kupanga, palikuwa na makundi mawili kwenye uwanja mmoja, moja huku na jingine kule, na miguu yote ya Ngulyati imeelekea kwenye lori. Kwake hilo lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Alikwenda kwa Kasmiri kwanza, kwa adabu, kama mtu anayekwenda kutoa pole.

"Mwadila, Kasmiri."

"Mwadila. Sema haraka, nafundisha."

"Unamfundisha nani? Umebaki na mbwa."

"Mbwa huyu anakaba vizuri kuliko mtoto wa dada yako."

"Sikuja kugombana. Nakuja kukuambia Marcelo namhamisha."

Kasmiri aliuhamisha mpira kutoka kwapa hili kwenda kwapa lile. "Kumpeleka kule?"

"Hukuona watu?"

"Watu wamefuata muziki, Bujiku. Kesho kutwa lori likiondoka watafuata ng'ombe wao. Kule kuna watoto wangapi?"

"Wengi. Ndiyo maana."

"Basi mkae mkijua," Kasmiri alisema, na maneno yaliyofuata siwezi kuyaandika.

Kwa Constantine mazungumzo yalikuwa matamu zaidi. Bujiku alimwuliza wanachukua watoto wangapi.

"Wote, mzee wangu. Nyota Mpya haimkatai mtoto."

"Wote kabisa?"

"Wote ambao wazazi wao ni wateja wetu. Si unalima pamba?"

"Nalima."

"Basi kijana wako ni mchezaji wetu tayari. Chagua saizi ya jezi."

Bujiku alirudi nyumbani akitabasamu. Kundi linalopokea kila mtu, kundi lenye nguo, kundi lenye umati! Huko kwenye ngoma, kundi likiwa kubwa kila mchezaji hufaidika, kwa sababu wote hucheza. Mgeni huanzia safu ya nyuma, akijua zaidi anasogea mbele, lakini hata yule wa safu ya mwisho kabisa anatikisa mabega yake na mama yake anamwona. Hakuna kundi duniani linalowavisha watu njuga halafu likawaambia waketi. Mpira Bujiku alikuwa ameuona kama tunavyoona ndege, ikipita. Alijua wanaingia kumi na mmoja. Alichoamini ni kwamba wanapokezana, kama safu, na kwamba hakuna anayerudi nyumbani hajacheza.

Mkewe Nyanjige alikuwa anaanika michembe ya viazi juu ya mwamba alipompasha habari. Nyanjige hakujua mpira hata kidogo, ila alimjua mumewe.

"Kule kwa Kasmiri mtoto alikuwa anacheza kila siku," alisema. "Amekukosea nini?"

"Mama Marcelo, kule hakuna watu."

"Watu watamsaidia kukimbia?"

"Watamwona."

"Baba Marcelo, wewe hata mimi ulinioa kwa sababu uliona foleni ya wachumba hapo kwa baba."

"Na sikukosea."

"Wewe hukukosea. Nani amesema habari zako?"

Bujiku alicheka. Hakuwahi kujua ni lini mkewe anatania.

Marcelo mwenyewe hakuulizwa, lakini asingekataa. Walimpa jezi ya njano, traksuti ya bluu yenye mstari mweupe na njumu za plastiki. Siku ya kwanza alilala amevaa vyote hivyo, isipokuwa njumu, na hizo aliziweka karibu na kichwa.

Pamba yote ya mwaka ule Bujiku aliipeleka Nyota Mpya, kama wazazi wote wa klabu. Klabu ikazidi kunenepa, maana kila mzazi aliyesita aliletewa jezi moja zaidi. Mwisho wa wiki lori liliwabeba watoto kwenda kucheza Bariadi mjini, Somanda, Dutwa, wakiimba njia nzima. Waliocheza walikuwa wale wale. Wengi wao waliletwa kutoka Mwanza, wakalazwa kwenye ghala la kampuni na kulishwa nyama, na wawili walinyoa ndevu asubuhi ya kila mechi ya vijana. Watoto wa wakulima walivaa, wakapanda lori, wakaketi kwenye nyasi nyuma ya goli, wakapewa soda, wakashangilia, wakarudi. Walikuwa wengi hata benchi lenyewe halikuwatosha. Kwa kampuni walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao siku baba zao walipofikisha mizigo kwenye mizani.

"Mmeshinda?" Bujiku alimwuliza mwanawe kila Jumapili.

"Tumeshinda, baba."

"Ulicheza?"

"Nilikuwa na timu."

Kwa Bujiku hilo lilikuwa jibu tosha. Mcheza ngoma akiwa na kundi amecheza.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, na siku moja nikaenda mjini nikawaona kwa macho yangu. Marcelo alikaa dakika zote za mchezo huku ameshika taulo la mtu mwingine. Jioni nikavuka ua wa minyaa, nikamweleza Bujiku taratibu, kwa heshima zote, kwamba mwanawe hachezi, kwamba hajacheza hata mara moja tangu avae ile traksuti, na kwamba wale wanaoketi hawaingii kwa zamu.

Alinisikiliza. Kisha akaniuliza swali.

"Watoto zaidi ya arobaini wamevaa nguo za mchezo, halafu wanacheza kumi na mmoja?"

"Ndiyo, baba."

"Hao wengine wamevaa za nini?"

Nikasema ni utaratibu. Nikasema kwamba timu kubwa zote ndivyo zilivyo. Nilijisikia nikitetea kitu ambacho mimi mwenyewe nilikidharau.

"Binti yangu, umesoma," akasema kwa huruma. "Lakini mambo ya uwanjani huyajui. Yupo safu ya nyuma. Atasogea."

Msimu wa pamba ulipofungwa, Nyota Mpya ilitangaza sherehe ya kuwashukuru wakulima, na kilele chake kikawa mechi ya vijana hapo hapo Ngulyati, Nyota Mpya dhidi ya Kameruni, mshindi apate dume la ng'ombe. Kasmiri alijua ameitwa ili apigwe mbele ya watu, na akakubali kwa sababu ya dume. Bujiku aliposikia alituma ujumbe hadi Kimali, huko Meatu, kwa Thomasi.

Thomasi alikuwa Mgika. Katika ujana wao wawili hao waliibiana umati uwanja baada ya uwanja, na kila mmoja alidai ameshinda mara nyingi zaidi. Alifika siku moja kabla ya mechi na wazee wenzake wawili wa ngoma, vumbi mpaka kwenye kope. Bujiku alichinja mbuzi.

"Mgalu," Thomasi alisema akiwa na mfupa mkononi, "unanishibisha ili kesho nisinzie, nisione mwanao anavyoanguka?"

"Kula. Kesho utasimama tangu mwanzo mpaka mwisho. Hutapata nafasi ya kukaa."

"Anacheza wapi huyo mtoto?"

"Mbele kushoto," Bujiku alisema. Hapo ndipo Marcelo alipokuwa akicheza Kameruni.

Marcelo alikuwapo. Alikuwa akinawisha wageni mikono. Aliendelea kumimina maji.

Kesho yake uwanja ulijaa kuliko mnada. Spika zililia, Constantine alihutubia, dume lilifungwa kwenye nguzo ya goli likawa linachafua eneo la kipa. Nyota Mpya waliingia wote, kundi zima la njano na bluu, wakazunguka uwanja wakipungia watu mikono. Bujiku alimwonyesha Thomasi mwanawe kwa kidole na akapiga vigelegele kama mwanamke. Kisha kumi na mmoja wakabaki ndani, na kundi lililobaki likatoka na kuketi kwenye nyasi. Marcelo akaketi nalo.

"Ametoka," Thomasi alisema.

"Wanaanza hao, kisha wanapokezana."

Upande wa pili Kameruni walikuwa kumi. Winga wao alikuwa ametumwa na baba yake kunywesha ng'ombe, na baba huyo, akiulizwa, alisema mtoto ataurudia mpira kesho lakini ng'ombe hawawezi kuurudia mto. Kasmiri alivuka uwanja, mpira kwapani ingawa mpira wa mchezo siku hiyo ulikuwa wa kampuni, akaenda moja kwa moja kwa Constantine.

"Meneja, nipe mmoja. Nipe yule wa kushoto, mtoto wa Bujiku. Hapa kwako hana kazi."

Constantine alicheka. Alikuwa mtu mwenye furaha siku zote, sina budi kukiri. "Mchukue. Chukua hata watano, mzee. Ila nguo zetu zinabaki."

Kasmiri akamgeukia Bujiku. "Umesikia? Leo hatacheza huku, wala kesho. Mwambie mwanao avue aje."

Bujiku alimtazama Constantine. "Hawapokezani?"

"Nani?"

"Hawa waliokaa."

"Mzee, tukibadilisha sana tunabadilisha wawili," Constantine alisema. "Hawa ni familia ya klabu."

Sijui kama nimewahi kumwona mtu akijumlisha mwaka mzima kichwani akiwa amesimama. Bujiku alikwenda mpaka pale kwenye nyasi, akasimama mbele ya mwanawe. Sisi tuliokuwa karibu tulisikia kila neno, na Thomasi wa Kimali pia.

"Marcelo, inuka. Kasmiri anakuita."

"Baba, hapana."

"Utacheza sasa hivi. Watu wote hawa watakuona."

"Wataniona peku. Watanicheka."

"Ulicheza peku tangu uzaliwe."

"Sasa nina viatu." Mtoto alizungumza kwa sauti ya chini, akiwa ameinama. "Nikivua leo hawanirudishii. Wenzangu wako wengi wanaozitaka."

"Nakuuliza kuhusu kucheza, unanijibu kuhusu nguo."

"Baba, hapa napanda lori. Napewa soda. Shuleni wananiita Nyota. Kule kwa Kasmiri nilikuwa natukanwa."

"Lakini ulikuwa unacheza."

Marcelo alifikiri. Nadhani alifikiri kweli, sikumwona mkaidi. "Hapa pia niko timu," akasema. "Timu kubwa. Si wewe ulisema?"

Bujiku hakumpiga, ingawa mikono ya baba wa miaka ile haikuwa mizito kunyanyuka. Alivua shati, akavua katambuga zake za matairi, akaviweka vyote mapajani mwa mwanawe, akamwambia Kasmiri, "Mimi nitakuwa wa kumi na moja."

Refa alikuja mbio. "Mzee, hii ni mechi ya vijana."

"Refa," Kasmiri alisema, "mwulize namba tano wao ana watoto wangapi."

Kabla namba tano hajasema lolote sauti ya mwanamke ikatoka kwa watazamaji: "Wawili, na wa tatu ninaye hapa tumboni."

Uwanja ulicheka mpaka dume likashtuka. Refa alimtazama Constantine, Constantine akaonyesha kwa mkono kwamba waendelee, ni sherehe. Filimbi ikalia.

Ningependa kuandika kwamba Bujiku alicheza vizuri. Alicheza vibaya kupita maelezo. Alisimama mbele kushoto, kifua wazi, suruali imekunjwa hadi magotini, na mpira ulipomjia aliuruka kama nyoka. Mara moja aliudaka kwa mikono na akashangaa kwa nini filimbi imelia. Mara nyingine alimfuata namba tano uwanja mzima bila mpira, kwa sababu tu alimchukia. Kila alipokosea watu walishangilia, na mwili wake, ambao haukujua mpira, ulijua kelele hizo. Miguu ikaanza kukanyaga kwa mapigo, mabega yakaanza kutikisika. Watazamaji wakahama. Wakaacha upande wa lori na spika, wakaja wote kusongamana kwenye mstari wa kushoto alikokuwa yeye. Kipindi cha pili, timu zilipobadilishana magoli, umati mzima ulinyanyuka na kuzunguka naye kwenda upande wa pili, akina mama na vigoda vyao. Nyota Mpya walifunga magoli yao mbele ya dume na mbele ya wenzao waliovaa traksuti. Walifunga mengi. Hakuna aliyekuwa anatazama.

Kwa sheria ya mpira Kameruni walichakazwa. Kwa sheria ya ngoma, mtu mmoja mwenye umri wa babu alikuwa ameipokonya kampuni nzima watu wake. Sheria zote mbili naziona za kipuuzi, na nadhani siku ile hata yeye aliziona hivyo, maana mchezo ulipokwisha na Thomasi akaja kumkumbatia, alikuwa hatazami watu. Alikuwa anatazama kule kwenye nyasi. Watoto wa traksuti walikuwa wameshaanza kupanda lori ili wapate kukaa pembeni.

"Mgalu, leo nakubali," Thomasi alisema. "Umenishinda mbele ya mashahidi. Watu wote walikuwa wako."

"Nimeshinda nini?"

"Watu, ngosha. Watu."

Bujiku aliokota shati na katambuga zake pale chini, mahali Marcelo alipokuwa ameketi. Marcelo alikuwa amevikunja vizuri.

Mtoto huyo hakurudi Kameruni. Nyota Mpya ilikaa misimu miwili mingine. Bei ilipoanguka ikakusanya jezi zake, hata zile zilizochanika, ikaondoka bila kuaga, na wengi wa watoto wake walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima ambao waliwahi kuwa kwenye timu. Marcelo hakuwahi kucheza mechi yao hata moja. Timu ya wilaya ilipochaguliwa mwaka uliofuata mechi ile, Kameruni ilitoa watoto wawili, na mmoja wao alikuwa yule aliyetumwa kunywesha ng'ombe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kupandia baiskeli tu, lakini walimwona akicheza. Ndiyo hesabu yote.

Jioni ile ya sherehe lori lilimshusha Marcelo barabarani jua linazama. Aliwakuta wageni wamekaa na bakuli la maziwa mgando, na baba yake ameuweka mguu kwenye beseni la maji ya moto ambalo Nyanjige aliliongezea chumvi. Kifundo kilikuwa kimevimba kama boga.

"Karibu, mchezaji," Thomasi alisema. "Leo ulikuwa namba ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kuna kumi na tisa?"

"Ipo. Ipo mpaka arobaini na tatu."

Wale wazee wawili wa ngoma walitazamana. Mmoja alitaka kucheka, akaona uso wa Nyanjige, akanywa maziwa.

"Marcelo," Bujiku alisema, "ndama bado wako nje. Kawafunge."

Mtoto alijitazama kifuani, kwenye ule mstari mweupe. Ulikuwa safi kama ulivyotoka kiwandani.

"Baba, nitaichafua."

"Si uvue?"

"Nitavua. Naingia kuvua."

Aliingia ndani. Tulingoja, mazungumzo yakaanza tena, Thomasi akaeleza upya lile kosa la kuudaka mpira na watu wakacheka. Ndama walilia. Marcelo hakutoka. Bujiku alisikiliza kidogo kuelekea mlangoni, kisha akautoa mguu kwenye beseni, akaukung'uta maji, akakataa bega alilopewa na Thomasi, akaenda yeye, anachechemea, anawaita ndama kwa majina yao mmoja mmoja.